Mtoto wa Mwisho Kwenye Mstari

Juzi binti yangu alirudi kutoka shuleni amekunja uso. Mwalimu alikuwa amewapa nakala ya mchoro mmoja maarufu wa Kimarekani, wa zamani sana, unaoonyesha watoto wakicheza, na kila mwanafunzi alitakiwa auchambue: nini kiko mbele, nini kiko nyuma, mwanga unatoka upande gani, mchoraji alitaka kusema nini. Nakala yenyewe ilikuwa imefifia, imetoka kwenye mashine iliyokwisha kuchoka. Lakini nilipoiangalia tu, harufu ya petroli na sabuni ya kufulia ikanijia puani, nikaanza kucheka peke yangu jikoni.

"Mama, unacheka nini?"

"Hawa watoto nawajua," nikamwambia. "Nimekaa nao nyumba moja."

Aliniangalia vile watoto wa siku hizi wanavyotuangalia tukianza habari za zamani. Basi nikamsaidia kwa yale aliyoyataka mwalimu, akaandika vizuri, akaenda kulala. Yale ninayoyajua mimi kuhusu picha ile hayakuingia kwenye kazi ya shule. Nayaandika hapa, kwa ajili yetu tuliokuwa wadogo Bujumbura wakati wa vita.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari mtaa wa Buyenzi. Siku zile wazungu wengi walikuwa wanaondoka, na mmoja aliyekaa kule juu Kiriri alimwita Baba amtengenezee gari lake walau lifike uwanja wa ndege. Mke wake alikuwa anagawa vitu ambavyo havikuingia kwenye masanduku. Mlinzi alipata firigo, mpishi akapata vitanda, na Baba, ambaye muda wote huo alikuwa chini ya gari, alipotoka akakuta kimebaki kitu kimoja ukutani. Alikifunga kwenye gunia, akakipakia kwenye baiskeli, akashuka nacho mlima mzima akikishika kwa mkono mmoja.

Mama, aliyekuwa akiuza vikwembe, yaani vitenge, sokoni na aliyejua thamani ya kila kitu hapa duniani, alisimama mlangoni akamtazama akifungua lile gunia.

"Wenzako wanaleta firigo," alisema, "we unaleta watoto wa watu! Tutawalisha nini?"

Ilikuwa picha kubwa yenye fremu ya mbao, na kwa sababu ya mikono ya Baba fremu ile ilinuka petroli mpaka mwisho. Wavulana wa kizungu walikuwa wameshikana mikono kwa mstari, wanakimbia kwenye uwanja wa majani. Wengi hawakuwa na viatu. Upande mmoja wakubwa wamejikita, wameinama kwa nyuma, wanavuta kwa nguvu. Upande wa pili, mkiani, mikono imeachana, na yule wa mwisho kabisa anakwenda chini. Nyuma yao kulikuwa na nyumba ndogo nyekundu, na nyuma ya nyumba, mlima.

Mlima huo ndio ulionitisha mimi. Kwetu milima iko nyuma ya mji, ukitoka nje asubuhi unaiona yote, na miaka ile masasi na mabomu yalitoka huko. Mtoto wa Buyenzi hakukaa na mlima mgongoni bila kugeuka mara moja moja. Hawa walikuwa wanakimbia wote kama kwamba mlima haupo, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Niliwaona wapumbavu, na kwa siri niliwaonea wivu.

Sasa kulikuwa na Bibi, mama yake Baba. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha, na dini yake hakuichezea. Alipoiona picha alifunika macho.

"Apana! Malaika haingii mu nyumba yenye sura za watu ukutani. Mi nitasali wapi?"

Baba akajibu kwamba ukuta ule ndio pekee usiovuja. Walibishana mpaka ndagala zikaungua jikoni, kisha wakapatana hivi: picha ibaki, lakini kila ikifika saa ya kusali Bibi ataifunika kwa kikwembe chake cha zamani, chenye maua ya njano, na baada ya magharibi itabaki imefunikwa mpaka asubuhi.

Hakuna aliyeona haja ya kunieleza mimi. Na kwa kuwa magharibi ilikuwa karibu sana na saa ya kuvrefe, ile amri ya kutotembea usiku, nilielewa jambo hili kwa akili yangu mwenyewe: jioni ikifika hata watoto wa kwenye picha wanatakiwa waingie ndani. Bibi anawafungia. Niliona ni haki kabisa. Niliwahi hata kumwambia aharakishe, gari la askari lilikuwa linapita, na yeye akadhani nimekuwa mcha Mungu, akanisifu kwa majirani.

Tulikaa kwenye ua mmoja na familia nyingine, rupango kama tunavyosema kwetu, tukitumia bomba moja na choo kimoja. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Mama Aline, karani wa ofisi fulani mjini, mama mpole wa Kikristo ambaye Jumapili alituletea keki na Idi alipokea pilau. Binti yake Aline alinizidi mwaka mmoja na alikuwa rafiki yangu wa kila kitu. Mdogo wangu Hamisi, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, alimfuata Aline kuliko alivyonifuata mimi, kwa sababu Aline hakumkemea.

Siku ile mbaya mimi nilikuwa nimelala na malaria, kwa hiyo niliyoyajua niliyajua kwa kuambiwa. Mama alimwomba Aline ampeleke Hamisi shuleni na kumrudisha. Kabla ya saa sita milio ya bunduki ikaanza upande wa soko. Madamu wa darasa aliwatoa watoto wa mtaa wetu, akawaambia wakubwa watangulie, wadogo wafuate, wote washikane mikono na wasiachane. Wakakimbia hivyo, mnyororo mrefu wa watoto. Hamisi alikuwa wa mwisho, na mkono uliomshika ulikuwa wa Aline. Walipopinda kwenye kona ya garaji kwa kasi, mkono ukatoka. Hamisi akarushwa mtaroni, na mnyororo ukaendelea.

Aline alifika nyumbani akilia, akionyesha mkono wake mtupu kama ushahidi. Kwa saa nyingi hatukujua mtoto yuko wapi. Namkumbuka Mama amekaa sakafuni, anakunja na kukunjua kikwembe kimoja kile kile. Jioni, kuvrefe ikikaribia, Baba aliingia na Hamisi mabegani. Fundi mmoja wa garaji alikuwa amemtoa mtaroni na kumficha chini ya lori. Alikuwa na magoti yaliyochubuka na kiatu kimoja. Tulimshukuru Mungu kwa sauti, na Mama Aline alikuja akapiga magoti mlangoni kwetu, akisema "Ihangane, mama, ihangane," yaani tuvumilie, na akina mama wakalia pamoja.

Lakini tangu siku ile Hamisi hakutoka. Mlango wa chumba chetu ulikuwa na ngazi moja ya saruji, na hiyo ndiyo iliyokuwa mpaka wa dunia yake. Akihitaji choo, lazima Baba ambebe. Mama alimnunulia viatu vipya, akaviweka hapo ngazini vimtamanishe, vikapata vumbi. Baba alimwahidi kumpandisha gari lolote atakalochagua, Bibi akamsomea dua na kumpulizia. Shule ikafunguliwa tena, watoto wakarudi, na Hamisi akabaki amekaa kwenye mkeka chini ya picha, magoti kidevuni. Baadaye madamu alituma neno kwamba mitihani inakaribia, na asipoonekana kabla ya wiki kwisha atarudia mwaka. Mama hakuogopa mwaka. Aliogopa kwamba mtoto akizoea ndani, ndani patamla.

Na Aline naye aliacha kuja kwetu. Wakikutanisha macho uani, yeye akiwa bombani na Hamisi mlangoni, Hamisi aligeuza uso ukutani. Jirani mmoja mwenye mdomo mrefu alianza kunong'ona akiteka maji.

"Ndiyo watu gani hao? Mutoto wa mwenzio unamuachia namna ile? Mi nasema wako namna ile."

Sikuelewa "hao" ni akina nani, kwa sababu niliyemjua mimi ni Aline tu. Mama alielewa: miaka ile watu walihesabiana kwa kabila. Alitua ndoo yake polepole.

"Aline naye ni mutoto," alisema. "Na hapa tunateka maji, hatuteki maneno. Kama ndoo yako imejaa, pisha."

Asubuhi moja niliamka mapema, nikamkuta Hamisi ameketi macho wazi gizani, akisubiri. Bibi alipomaliza sala ya alfajiri, akaondoa kikwembe kwenye picha. Hamisi akasogea, akatazama kule mkiani mwa mstari, akarudi kulala.

"Bado," alisema.

"Bado nini?"

"Hajaamka."

Ilinichukua muda kumwelewa. Alikuwa anamchunguza yule wa mwisho. Kwa mawazo yake, usiku kucha chini ya kile kitambaa hakuna anayejua wanachofanya, na yule aliyeanguka ana nafasi nzuri ya kuinuka bila kutazamwa. Kila siku alfajiri alikwenda kuhakikisha. Kila siku yule mtoto alikuwa bado anakwenda chini.

"Akiamka, mi nitaenda shule," aliniambia, kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyekwisha pima shauri lake.

"Na asipoamka?"

"Ataamka namna gani? Mwenzake amemuachia."

Nilitaka kumcheka, lakini nikamfunika shuka. Na nitasema ukweli, siku mbili tatu zilizofuata na mimi nilikwenda kuangalia alfajiri, kwa sababu huwezi kujua.

Nilimwambia Mama. Mama akamwambia Baba. Jumapili mchana, kati ya sala na sala, nyumba nzima ikakaa mbele ya picha ile, na hapo ndipo ulipofanyika uchambuzi ambao mwalimu wa binti yangu angelipa kuusikia.

Baba alianza, kwa kuwa picha ilikuwa yake. Alisimama amefunga mikono kifuani, akaiangalia kama injini.

"Hii ni watu wanavuta gari," alisema. "Gari imezama mu matope. Haikuingia mu picha, imebakia nje huku."

"Gari gani?" Mama akauliza. "Unaona kamba? Hawa wanakimbia vita. Angalia miguu, hawakupata hata nafasi ya kuvaa viatu. Na mulima ile nyuma."

"Wamekosa adabu, mwalimu amewafukuza," alisema Bibi, ambaye alikuwa ameipa picha mgongo.

"Bibi, kwani umeiangalia?" nikamuuliza.

"Mi sijaangalia! Naifunika kila siku. Kitambaa ikipita, jicho nalo linapita. Ni kosa yangu?"

Tulicheka wote, isipokuwa Hamisi. Ndipo tukasikia mtu anakohoa mlangoni. Alikuwa Aline, ameshika sufuria yetu ambayo mama yake aliazima. Hakuvuka ngazi.

"Ni muchezo, Baba Hamisi," alisema kwa sauti ndogo.

"Muchezo? Watu wanaanguka."

"Angalieni huku nyuma, mbali. Hawa wasichana mbili." Alinyoosha kidole kutoka pale pale mlangoni. "Wako na rimu, wanaisukuma. Kama kuko masasi, nani anasukuma rimu?"

Tukasogea. Kweli, kando kule nyuma, karibu na ukingo, walikuwapo wasichana wawili wadogo wana mduara wa kuviringisha, kama sisi tulivyosukuma rimu za baiskeli. Miezi yote ile nilikuwa nikiangalia mlima, na sikuwa nimewaona. Baba aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Halafu akanyooka, akasema gari halipo, ni mchezo, mtoto amesema kweli.

Hamisi hakuwa anaangalia picha. Alikuwa anaangalia miguu ya Aline.

"Kama ni muchezo," alisema, "ju ya nini ule amemuachia mwenzake?"

"Hakumuachia," Aline alijibu. "Mukono inatoka."

"Mukono haitoke yenyewe. Ni mutu anaachia."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Aline tangu siku ya mtaroni. Aline aliweka sufuria kwenye ngazi, polepole isilie, akarudi kwao. Bibi alivuta kikwembe na kufunika picha, ingawa saa ya kusali ilikuwa bado.

Mimi usiku ule nilikasirika. Nilimkasirikia Hamisi, nikamkasirikia na yule aliyechora, kwa kuanza habari na kuiacha hewani. Nilimpenda mdogo wangu na nilimpenda Aline, na kati yao mmoja alikuwa anasema uongo au wote walikuwa wanasema kweli, na hilo la pili sikuona linawezekana vipi. Nikaona dawa ni moja. Kama ni mchezo, basi uchezwe, tuone mkono unatoka au unaachiwa.

Tulingoja mchana mmoja mtulivu katikati ya wiki, milima imenyamaza, wakubwa wengi hawapo. Nilimvuta Aline kwa nguvu kutoka kwao. Niliwaita mapacha wa fundi cherehani, ambao walikubali kila kitu bila kuuliza. Bibi alikuwa anafua karibu na bomba, beseni kubwa limejaa povu. Nilipomweleza, alijifuta mikono.

"Mbele munataka mutu muzito," alisema. "Mi nitashika robine."

Akalishika bomba kwa mkono mmoja, mwingine akampa pacha wa kwanza. Tukajipanga, tukakimbia. Hakikutokea chochote. Tulizunguka kidogo tukasimama, kama watu walio kwenye foleni ya mafuta.

"Si hivyo!" sauti ikatoka mlangoni.

Hamisi alikuwa amesimama kwenye ngazi.

"Wale wakubwa hawakimbii! Wanasimama, wanainama nyuma hivi. Wanaokimbia ni hawa wa mukia. Na munashikana vibaya. Hivi, mu kiganja!"

Tulijaribu tena, na tena tukakosea, nadhani mapacha walikosea kwa makusudi kwa sababu walipenda kukemewa. Hamisi alikuwa na picha ile yote kichwani, amelala nayo na kuamka nayo, na sasa sisi tulikuwa tunaiharibu mbele ya macho yake. Hakuweza kuvumilia. Alishuka. Alimpanga pacha mmoja mguu, akamwinamisha mwingine mgongo, akamwambia Bibi ajikite, na Bibi, aliyeona kabla yetu wote kwamba mtoto yuko uani na miguu yake imekanyaga vumbi, alinitazama kwa jicho moja kali nisithubutu kusema neno.

"Mutu hatoshi," Hamisi alisema akitupima. Akafikiri. Halafu akaja akashika mkono wangu, na akampa Aline mkono wa pili bila kumtazama usoni. "We nenda mwisho."

Alisema hivyo kama adhabu. Aline alikwenda mwisho.

Safari hii mchezo ulikubali. Bibi na mapacha walisimama wakavuta, na sisi wa mkiani tukakimbia kwa duara, kasi ikaongezeka, na nikahisi kitu ambacho hakuna picha inayoweza kukuambia: kadiri ulivyo mbali na Bibi, ndivyo unavyovutwa kwa nguvu, na nguvu hiyo si ya mtu yeyote. Mkono wa Hamisi ulikuwa unanikata vidole. Niliona ameuma meno, amefumba macho, anamshika Aline kwa nguvu zake zote za miaka sita. Halafu mkono ukatoka. Aline alipita hewani, akatua na makalio kwenye beseni la Bibi, maji na povu vikaruka mpaka ukutani.

Hamisi alisimama akiangalia kiganja chake.

"Nilishika!" akapiga kelele, kabla mtu yeyote hajasema kitu. "Dada, wallahi nilishika! Nilishika sana! Sikumuachia!"

Aline alikuwa bado ameketi ndani ya beseni, povu kichwani. Angeweza kusema mengi. Alimtazama yule mtoto, akasema neno moja tu.

"Najua."

Hamisi akaanza kulia, kilio kikubwa cha mdomo wazi, ambacho nyumba yetu ilikuwa inakisubiri tangu jioni ile aliporudi mabegani mwa Baba. Alikwenda kwenye beseni akamvuta Aline mkono amtoe, akashindwa, akaingia naye majini.

"Siku ile nilikuita," Aline alimwambia. "Nilikuita sana, lakini wale wakubwa walikuwa wananivuta."

"Sikusikia."

"Kulikuwa kelele."

"Mi sikuita," Hamisi alisema, akijifuta kamasi. "Niliogopa, nikanyamaza."

"Vikwembe vyangu!" Bibi akalia kutoka bombani, na hapo tukaangua kicheko sote, hata Hamisi, akicheka na kulia kwa pamoja.

Baada ya hapo tuligombana, lakini tuligombania kuwa wa mwisho. Ndiyo siri ya mchezo ule, na mpaka leo sijaona mtaalamu aliyeiandika: nafasi ya kuanguka ndiyo inayotamaniwa. Hamisi alirushwa kwenye vumbi, kwenye majani ya maembe, nusura kwenye jiko la Mama Aline, na kila mara aliinuka akakimbilia mkiani kabla mapacha hawajawahi. Mama aliporudi kutoka sokoni alitukuta hivyo, rupango nzima matope. Alisimama na furushi lake kichwani. Nilitegemea kofi. Alilitua furushi, akakaa juu yake, akajifunika uso na ncha ya mtandio, na mabega yake yakatikisika. Mama Aline alitoka kwao, akakaa karibu naye juu ya furushi lile lile.

Asubuhi iliyofuata Hamisi alivaa sare bila kuambiwa. Tulipofika kwenye lango la rupango alisimama. Nje mtaa ulikuwa ule ule, na huko juu milima ilikuwa ile ile, na hakuna aliyeweza kumwahidi kwamba siku hiyo itapita kimya. Mama alikuwa nyuma yetu, nasikia anavyopumua. Alijua, kama mimi nilivyojua, kwamba akimsukuma tumempoteza.

Aline alinyoosha mkono. Hamisi aliutazama.

"Na ikitoka tena?" Aline akamuuliza, kwa sababu alikuwa mtoto mkweli na hakutaka kumdanganya.

"Ikitoka, nitaita jina yako," Hamisi alisema. "Nitaita kwa nguvu. We geuka tu."

"Nitageuka."

Akampa mkono, wakatoka.